Sir McMillan wa Juja: Mdosi wa Marekani Aliyepewa Ardhi, Cheo na Mlima, Lakini Akakosa Mrithi

Juja Farm. Hilo jina unalisikia kila siku. Makanga wanaliita pale steji ya Juja, madalali wa ploti wanalibandika kwa mabango, na kila comrade wa JKUAT ashawahi kutafutiwa keja huko. Lakini uliza mtu yeyote kwa hiyo gari: hiyo shamba ilikuwa ya nani? Watu wataangaliana tu.

Sasa ongeza hii. Kuna maktaba Banda Street, katikati ya Nai, iliyo na simba wawili wa mawe mbele. Kuna kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Na kuna kaburi juu ya Kilimambogo, ule mlima uliokaa peke yake ukiangalia mashariki kutoka Thika. Hizo zote zinarudi kwa jamaa mmoja: William Northrup McMillan.

Huyu msee alikuja na doo, akapata ardhi, akapewa jina la Sir, akapatana na marais na mawaziri. Alikuwa na kila kitu cha kuanzisha ukoo mkubwa ambao hadi leo ungekuwa unabonga kuhusu babu yao. Lakini leo hakuna ukoo wa McMillan wa Juja. Hebu tufuate stori yake tuone ni nini kilienda wapi.

MTOTO WA KISHUA

McMillan alizaliwa mwaka wa 1872 huko St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani. Mzee wake alikuwa kwa biashara ya kutengeneza mabehewa ya reli. Kumbuka hizo ndizo siku ambazo Marekani yote ilikuwa inajengwa reli, kwa hivyo kama unauza mabehewa, wewe huwezi sota. Kijana alikulia kwa utajiri, na mzee alipoondoka, mali ikabaki.

Mwaka wa 1894 alioa Lucie Webber. Lishike hilo jina vizuri. Kwa hii stori Lucie ana kazi kubwa kuliko vile watu hupenda kusema.

McMillan mwenyewe alikuwa jitu. Mrefu, mpana, mzito, mtu ambaye akiingia kwa nyumba kila mtu anajua ameingia. Na kama matajiri wengi wa enzi yake, alitaka jina lake liandikwe kwa ramani. Hizo siku ukitaka sifa Ulaya na Marekani ulikuwa unaenda Afrika, unapanda mlima, unafuata mto, unapiga simba risasi, halafu unarudi kusimulia.

Yeye alichagua mto, na akachagua ule mgumu kabisa. Mwaka wa 1903 alipanga kushuka Nile ya Bluu kwa maboti ya chuma, kutoka milima ya Ethiopia hadi Sudan. Mtu yeyote wa kule angemwambia kwamba huo mto unapita kwa mabonde marefu na maji yanaruka kwa mawe kama yana wazimu. Maboti hayakufika mbali. Yakapigwa na maji, yakaharibika, mzigo ukapotea, na safari ikaisha karibu na pale ilipoanzia.

Mtu mwingine angepanda meli arudi Missouri. McMillan akashuka kusini, akaingia nchi iliyokuwa inaitwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza. Hiyo ndiyo Kenya yetu.

ARDHI ILITOKA WAPI?

Hapa ndipo lazima tuende polepole, kwa sababu ndiyo moyo wa hii stori.

Reli ilikuwa imefika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Ilikuwa imekula pesa nyingi sana, na gava ya mkoloni ilitaka irudishe. Mpango ukawa kuleta wazungu walime, mazao yapande reli, reli ilipe. Mwaka wa 1902 wakatunga sheria ya ardhi ya Mfalme. Kwa ufupi, ardhi ambayo mkoloni aliona hakuna mtu ameikalia, alihesabu ni ya Mfalme wa Uingereza, na akaanza kuigawa.

Lakini mbona ilionekana haina watu? Miaka michache tu kabla ya hapo, kati ya 1898 na 1900, upande huu ulipigwa na njaa mbaya sana. Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Rũraya, njaa ya Ulaya. Mvua ilikataa, nzige wakapita, ndui ikamaliza watu, na ng'ombe walikuwa tayari wameisha kwa ugonjwa wa sotoka. Familia nyingi zilikufa, zingine zikahamia kwa jamaa zao upande wa Murang'a zikingoja mambo yatulie. Mzungu akafika akakuta mashamba yamemea majani. Kwake ilikuwa ardhi ya bure. Kwa mwenyewe, ilikuwa boma ambayo ametoka kwa muda.

Na chini huku Juja, ambapo milima inaisha na nyanda za Athi zinaanza, mambo yalikuwa yamechanganyika zaidi. Wamaasai walilisha ng'ombe, Wakikuyu walikuwa juu kidogo, Wakamba upande wa mashariki. Hakukuwa na mtu aliye na karatasi, maana karatasi haikuwa kitu ya kuonyesha mali. Ulionyesha kwa mifugo, kwa mti uliopandwa na babu, kwa kaburi.

Kwa huo mchezo wa karatasi ndipo McMillan aliingia, na alikuwa na pesa. Akachukua maelfu kwa maelfu ya ekari, kutoka Juja kuvuka hadi upande wa Ol Donyo Sabuk. Ili ushike ukubwa: leo ploti ya hamsini kwa mia ni kama thumni ya ekari. Ekari 1,000 pekee zinakupa ploti 8,000, kabla hujakata barabara. Sasa wewe piga hesabu ya maelfu.

Jina Juja lenyewe lina stori mtaani. Inasemwa McMillan na mke wake walikuwa na sanamu mbili kutoka Afrika Magharibi, moja ikiitwa Ju na nyingine Ja. Ukiamini au usipoamini, jina lilishika, na leo ni jina la mji mzima na la eneo bunge.

WAGENI WA NGUVU

Nyumba ya Juja ikawa mahali pa wakubwa kutembelea. Mwaka wa 1907 Winston Churchill, akiwa bado naibu waziri kijana wa makoloni, alizuru nchi hii na akafika Thika. Hata yeye mwenyewe hakujua kwamba siku moja angeongoza Uingereza kwa vita dhidi ya Hitler.

Halafu 1909 akaja mgeni mkubwa zaidi. Theodore Roosevelt alitoka ikulu ya Marekani mwezi Machi, na kufika Aprili alikuwa ameshuka Mombasa na kijana wake Kermit, tayari kuwinda. Mwezi Mei alikuwa Juja Farm, kwa Mmarekani mwenzake. Katika hiyo safari yote ya Afrika, baba na mtoto waliua zaidi ya wanyama 500, na wengi walipelekwa kwa makumbusho ya Smithsonian. Nyuma yao kulikuwa na msururu wa wapagazi Waafrika zaidi ya 200 waliobeba mahema, chumvi, ngozi na vitabu vya rais. Roosevelt aliandika kitabu akamtaja McMillan na Juja, na dunia ikaisoma. Majina ya hao waliobeba mzigo ni wachache sana yaliyoandikwa.

Jijini Nai, McMillan alichukua nyumba ya Chiromo, iliyokuwa imejengwa na Ewart Grogan, yule jamaa aliyejulikana kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo. Vita ya kwanza ya dunia ilipolipuka, Chiromo ikageuzwa mahali pa kutibu maafisa. McMillan naye, licha ya umri na uzito, akavaa magwanda na kujiunga na Royal Fusiliers, kikosi kilichokuwa kinapigana na Wajerumani Tanganyika.

Mwaka wa 1918 malipo yakaja. Kijana wa mabehewa ya Missouri akawa Sir Northrup McMillan. Lucie akawa Lady McMillan. Baadaye akaketi kwenye Baraza la Kutunga Sheria, wakati ambapo Mwafrika hakuwa na kiti hata kimoja huko ndani. Mwaka wa 1922 Harry Thuku alipokamatwa kwa kupinga kipande na kodi, na watu wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi Nairobi, wakubwa wa nchi walikuwa ni watu wa tabaka la McMillan.

MCHEZO WA ZAMANI

Ukifikiria hii ya kupewa ardhi ya wenyewe na mfalme ilianzia Kenya, umepotea. Waingereza wenyewe walifanyiwa.

Mwaka wa 1066, William wa Normandy alivuka bahari kutoka Ufaransa, akaua mfalme wa Waingereza kwa vita ya Hastings na kuchukua nchi. Mashamba ya wenyeji akagawia mbogi yake. Wengi wa hiyo mbogi walikuwa Wanormandy, lakini kulikuwa pia na Wabretoni, watu wa Brittany, ile pembe ya Ufaransa inayochomoka kwa bahari upande wa magharibi.

Miaka kama 40 hivi baadaye, chini ya mtoto wa William, Mfalme Henry wa Kwanza, kulikuja Mbretoni anaitwa Alan, mtoto wa Flaad. Kwao walikuwa wasimamizi wa nyumba ya askofu mkuu wa mji wa Dol. Ni familia ya heshima, lakini si wafalme. Henry alimpenda, akampa ardhi mpakani mwa Wales, upande wa Shropshire. Tayari ushaona inafanana na nini: mgeni kutoka nje, ardhi ya wenyewe, karatasi ya mfalme.

Tofauti ni watoto. Alan alizaa vijana. William akarithi upande wa Uingereza, na kizazi chake, wale FitzAlan, wakaja kuwa maeali wa Arundel. Hadi leo Duke wa Norfolk, mwenye kasri ya Arundel, anaitwa Fitzalan-Howard. Kijana mwingine, Walter, akaenda Scotland akapewa kazi ya usimamizi wa nyumba ya mfalme. Kazi ikageuka jina la ukoo: Stewart. Mwaka wa 1371 mjukuu wa hao wasimamizi akawa mfalme wa Scotland. Mwaka wa 1603 mwingine akawa mfalme wa Uingereza pia. Damu hiyo ilishuka hadi Edward wa Saba na George wa Tano, na iko hadi kwa Charles wa Tatu leo.

Umeiona hiyo? Wafalme ambao jina lao lilitumika kugawa ardhi ya Juja walikuwa wajukuu wa Mbretoni aliyegawiwa ardhi vile vile, miaka 800 kabla.

Na baada ya muda watu walisahau Alan alikuwa mgeni. Watoto wake waliongea lugha ya hapo, wakaoa hapo, wakazikwa hapo. Hivyo ndivyo kunyakua hugeuka kuwa urithi: unahitaji muda, na unahitaji mtu wa kukaa hapo baada yako.

McMillan alikuwa na vyote isipokuwa huyo mtu. Yeye na Lucie hawakuacha mtoto. Na cheo chenyewe cha Sir hakirithiwi. Ukidedi, kinazikwa na wewe.

TREKTA ILIPOKATAA

Sir Northrup alifariki mwaka wa 1925, akiwa mbali na Kenya. Alikuwa ameacha neno: azikwe juu ya Ol Donyo Sabuk, kwenye kilele, aangalie ardhi yake.

Huo mlima una mita zaidi ya 2,100, na ulikuwa na majina kabla ya McMillan. Ol Donyo Sabuk ni jina la Wamaasai, mlima mkubwa. Wakikuyu huuita Kĩa Njahĩ, na katika imani ya zamani ni moja ya mahali ambapo Ngai hupumzika. Kilimambogo ni mlima wa nyati, na mbogo bado wako huko ndani, kwa hivyo usiende kupanda peke yako ukipiga selfi.

Jeneza lilivutwa na trekta. Mzee alikuwa mzito, jeneza zito, njia ni ya mwinuko. Katikati ya mlima klachi ikaungua. Trekta ikakataa kabisa. Waombolezaji wakaangalia juu, wakaangalia chini, wakaamua hapo hapo panatosha. Kaburi likachimbwa, na Sir akalala kabla ya kilele alichokitaka.

Leo ukienda utakuta hapo Lady Lucie, aliyezikwa baadaye mwaka wa 1957. Yuko pia Louise Decker, mfanyakazi wao wa miaka mingi. Na mbwa wa familia pia ana kaburi lake. Hiyo ndiyo familia yote: bwana, bibi, mfanyakazi na mbwa. Chini yao unaona mto Athi, Fourteen Falls, na mabati yanayong'aa hadi Thika.

LUCIE NA SIMBA WA MAWE

Baada ya mazishi, Lucie angeuza kila kitu arudi Marekani. Karen Blixen, aliyekuwa rafiki yake, ndivyo alivyofanya mwaka wa 1931 kahawa ilipomtupa. Lucie alibaki, akajenga.

Alitoa pesa, akapata msaada wa taasisi ya Carnegie, na mwaka huo huo wa 1931 maktaba ya McMillan ikafunguliwa Nairobi kwa kumbukumbu ya mume wake. Nguzo kubwa za kijivu, ngazi pana, simba wawili. Ilipewa hata sheria yake yenyewe, na hadi sasa jengo hilo linalindwa na sheria ya bunge inayolitaja kwa jina.

Lakini ilikuwa ya wazungu peke yao. Mwafrika angeweza kufagia hizo ngazi, angeweza kupanguza vumbi kwa vitabu, lakini kuketi asome hapana. Ilichukua hadi 1958, wakati jiji lilishika usimamizi, ndipo milango ikafunguliwa kwa kila mtu. Fikiria: miaka 27 simba wa mawe wakilinda vitabu dhidi ya wenye nchi.

Leo mambo yamegeuka. Miaka ya karibuni shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekuwa likifufua hiyo maktaba pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara huko Eastlands. Vijana wanaenda kusoma, kurekodi, kuchora, kushikana na watu wa akili. Asilimia kubwa ya wanaopanda hizo ngazi wangefukuzwa siku ilipofunguliwa.

KILICHOBAKI NI NINI?

Ol Donyo Sabuk ukafanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1967. Mashamba makubwa ya wazungu upande huu wote, Ruiru, Juja, Thika hadi Kilimambogo, yalianza kubadilisha mikono baada ya Uhuru. Kampuni za wanahisa na vyama vya ushirika vilichanga pesa, mama wa soko na dereva wa lori kila mtu na hisa yake, wakanunua. Halafu yakakatwa, yakakatwa tena, hadi tukafika hizi hamsini kwa mia.

Sheria nazo zimezunguka. Mwaka wa 1915 mkoloni aliwapa walowezi ardhi kwa miaka 999. Walipiga hesabu ya Alan, ya wajukuu wa wajukuu. Katiba ya 2010 ikasema hapana: mtu ambaye si raia hawezi kushika ardhi Kenya zaidi ya miaka 99, na kama karatasi yake ilisema 999, ihesabiwe 99.

Lakini usifikirie kwamba ploti zilirudi kwa wale waliohama na ile njaa. Wao hawakununua hisa, wengine walikuwa washakufa, na wajukuu wao wengi leo wanalipa renti Githurai na Ruiru kama wewe. Aliyenunua alinunua kwa haki yake, kwa jasho lake. Hata hivyo swali la nani alikuwa hapo kwanza halikujibiwa. Lilikatwa tu vipande vidogo na kuwekewa bikoni.

Ndiyo maana watu wa huku wanapigania taito kama roho. Kila mtu anajua kwa damu yake kwamba hapa karatasi inaweza kukutoa kwa boma ya babu yako, na ukikosa karatasi, hakuna mtu atauliza kaburi liko wapi.

Kwa hivyo ukifika umri wa kununua hiyo ploti yako Juja Farm, tembea hadi ofisi ya ardhi ufanye upekuzi kabla hujatoa hata shilingi. Waulize wazee wa hapo, nani alikuwa kabla ya muuzaji, na nani kabla yake. Ukirudi nyuma vya kutosha utamkuta Sir Northrup. Endelea kuuliza, kwa sababu kabla yake pia kulikuwa na watu.